Weka simu chini, wali unapoa

Leo naomba nichokoze mada ambayo wengine mtaiona ndogo, hata ya kipuuzi. Mtasema huyu jamaa amekosa la kuandika, watu tuna matatizo ya viza, ada na vyumba vya kupanga, yeye anatuletea habari za kupiga picha chakula hotelini. Nivumilieni kidogo. Kuna mtu mmoja katika jiji hili amehama alipokuwa akiishi kwa sababu ya picha yangu mimi, na ilikuwa picha ya sahani ya wali.

Ngoja nianze mbali. Nilipofika Johannesburg mara ya kwanza, mwaka 2006, nikiwa kijana wa shahada ya kwanza, kundi zima la watu wa Afrika Mashariki tuliofahamiana lilikuwa na kamera moja. Ilikuwa ya dada mmoja wa Kampala, kamera ya filamu, picha 36, na ukitaka kupigwa unachangia. Kwa hiyo ulijipanga: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na nyuma yako kitu cha maana, kama vile ngazi za jengo kuu la chuo pale Wits na nguzo zake, au gari la mtu usiyemjua lililoegeshwa vizuri. (Msijifanye hamjui. Nusu ya magari yaliyomo kwenye albamu za mama zetu hayakuwa yetu.) Picha zikisafishwa zinawekwa kwenye bahasha, zinatumwa nyumbani, mama anazungusha mtaa mzima. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu kupoteza filamu kwa sahani ya pap na maharage. Chakula kililiwa, kikaisha, na kama ulikula vizuri basi ushahidi ulikuwa tumboni.

Sasa nimerudi kwa shahada ya uzamivu, mvi mbili tatu kichwani, nakuta mambo yamegeuka. Instagram ilianza mwaka 2010, na tangu hapo naona chakula kimekuwa kama bibi harusi: hakiguswi mpaka kipigwe picha kutoka pande zote. Nami nisijitoe. Nimepiga sana. Nimepiga kota za Soweto, nimepiga mishkaki ya Fordsburg, nimesimama juu ya kiti pale Maboneng ili nipate kopo la kahawa kwa juu, mtu mzima na tumbo langu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kama mlevi anayezungumzia pombe.

Mwezi wa tatu tulikwenda kula injera kule Jeppe, kwenye zile ghorofa za Wahabeshi katikati ya jiji. Wanaopajua wanajua: unapanda ngazi katikati ya maduka ya nguo na mablanketi, unasikia harufu ya buni inayokaangwa, na huko juu kuna sinia kubwa inayokungoja. Tulikuwa watu tisa. Pamoja nasi alikuwepo mzee mmoja wa Tanga aliyekuja kumtembelea binti yake anayesoma hapa. Mzee ameshanawa, ameshasema Bismillahi, mkono uko nusu ya safari, mara dada mmoja akapiga kelele: "Subirini! Msiguse!"

Mzee akaganda, mkono hewani. Akauliza kwa upole, "Vipi mwanangu, kuna sumu?"

"Hapana babu, shikamoo, samahani. Napiga picha tu."

"Marahaba. Picha ya nini?"

"Ya kumbukumbu, babu."

"Kumbukumbu ya chakula ambacho hatujakila?"

Tulicheka sana, na mzee alicheka pia, lakini alirudisha mkono mapajani akasubiri. Dakika zikapita. Mmoja akapanda kwenye kiti, mwingine akaomba sinia isogezwe dirishani kwenye mwanga, wa tatu akataka picha yenye mkono unaochota, halafu mkono wenyewe haukupendeza ukabadilishwa. Wale mnaokula injera mnajua mchuzi ukikaa unailowesha mpaka inakuwa kama gazeti lililonyeshewa. Mzee alikula kidogo akasema ameshiba. Binti yake hakusema kitu njia nzima.

Nikawa najiuliza, kwa nini jambo hili lilinichoma hivyo? Nadhani ni kwa sababu ya malezi. Sisi wengine tumelelewa na kawa. Kile kifuniko cha ukili hakikuwa cha kuzuia nzi peke yake. Chakula kilifunikwa kwa sababu kuonyesha chakula ambacho huna nia ya kumpa mtu ilikuwa ni aibu. Mtoto akisimama mlangoni kwa jirani wakati wa kula anafinywa sikio, na jirani naye hawezi kuendelea kutafuna bila kusema "karibu". Hata kama sufuria imebaki ukoko, karibu lazima isemwe. Na wewe unajibu "starehe", unapita. Ilikuwa lugha nzima hiyo, kila mtu anaijua sehemu yake. Picha ya mtandaoni ni sahani iliyofunuliwa mbele ya watu mia nne bila karibu hata moja. Wapo watakaosema habari ya jicho, kwamba chakula kilichotazamwa sana hakikai tumboni. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo, ingawa niseme ukweli, bibi yangu angekuwa hai asingekula chochote kilichopita kwenye Instagram.

Na miongoni mwa hao mia nne kuna wanaokulipia ada. Hapa naomba vijana wapya mnisikilize vizuri. Kuna mdogo wetu mmoja, sitamtaja, anasomeshwa na mjomba wake wa Moshi. Mjomba ana shamba la kahawa la wastani na watoto wake mwenyewe wanne. Siku moja rafiki yake kijana akasherehekea kuzaliwa, wakaenda kula mbavu za nguruwe kwenye mgahawa mmoja wa Rosebank. Kijana hakulipa hata senti, alialikwa. Akapiga picha: mbavu zimejaa sahani, chipsi kama mlima, glasi ndefu ina kipande cha nanasi pembeni. Akairusha. Baada ya siku mbili akapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba. Hakugomba hata kidogo. Alisema hivi, nami nimeusikia kwa masikio yangu: "Mwanangu, tumeona picha yako, mimi na shangazi yako tumefurahi sana kwamba mambo yako yamenyooka. Basi ile ya mwezi huu tutamlipia mdogo wako."

Jamani! Kijana yule wiki nzima anakula pap na mchicha, siku ya saba anakula pap bila mchicha. Lakini atamweleza nini mjomba? Kwamba mbavu zile zilikuwa za mtu? Alijaribu, ikaonekana anajitetea. Mwezi ule tulimchangia sisi. Wanaotuona kwa mbali wanatuona kwa vipande tunavyowapa, na sisi tunawapa vipande vilivyonona tu. Hakuna anayepiga picha sufuria ya Alhamisi.

Haya, hayo yote ni ya kucheka na kusikitika kidogo. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Wengi wenu mnaijua Mayfair, magharibi ya jiji, jirani na Fordsburg. Mtaa wa Nane pale ni Mogadishu ndogo, watu wenyewe ndivyo wanavyouita. Ukikosa nyumbani, unakwenda kule. Kiswahili utakisikia bila kukitafuta, maana kuna Wasomali waliokulia Eastleigh, wapo waliokaa miaka Dadaab, kuna Wakongo wa Kivu, kuna Watanzania na Wakenya wa biashara ndogo ndogo. Kuna hoteli moja pale ya mama mmoja wa Kisomali, Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Anapika wali wa mbuzi wenye iliki na zabibu, anakuwekea ndizi mbivu pembeni kama ilivyo ada yao, na mara ya kwanza niliposhangaa ndizi ile akaniambia, "Kula, utaelewa." Nikaelewa. Nyuma kuna sehemu ya pazia, kina mama na familia wanakaa huko. Mbele ni wanaume, chai ya maziwa, na televisheni yenye mpira.

Nilikuwa nakula pale kila Jumamosi. Meza ya pembeni karibu kila mara alikuwepo mtu mmoja wa Bukavu, mnyamavu, mwenye koti la kahawia. Alikuwa anafanya kazi kwenye kinyozi huko jirani. Hatukuwahi kuulizana majina. Nikikaa ananiambia, "Kula muzuri, ndugu," nami namjibu karibu, yeye anainua kikombe chake kuonyesha ameshiba. Ndiyo yote. Ugenini urafiki wa namna hii una uzito wake, mnaujua wenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi moja, wali ulikuja umependeza kupita kiasi. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri. Nikatoa simu, nikapiga. Nikaandika jina la mtaa, nikaandika maneno ya kusifia, nikarusha kabla sijala tonge la kwanza. Rafiki yangu mmoja mwenye ukurasa wa mambo ya mapishi akaichukua, akairusha kwake, na kwake watu ni maelfu. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilikuwa nahesabu mapenzi ya watu kila baada ya dakika tano.

Wiki tatu zikapita. Nilipokwenda tena yule mama akaniita kaunta kabla sijakaa.

"Wewe mwanafunzi, kuja hapa. Ile picha ulipiga ya mchele, uliweka wapi?"

"Niliweka tu kwa marafiki, mama."

"Marafiki wangapi?"

Nikanyamaza. Kwa kweli sikuwa nimewahi kuwahesabu. Mia sita na kitu, bila wale wa rafiki yangu.

Akaniambia kwamba siku chache nyuma waliingia wanaume wawili ambao hajawahi kuwaona. Hawakuagiza kitu. Walitoa simu, wakamwonyesha picha yangu. Walivuta kwa vidole sehemu ya nyuma, pale juu ya sahani, upande wa kushoto. Mtu wa koti la kahawia. Uso wake ulikuwa umetoka vizuri kuliko hata wali. Wakauliza anakaa wapi. Mama akasema hamjui, wateja ni wengi. Wakasubiri saa nzima wakaondoka. Jioni ile mama akatuma mtoto kwa kinyozi, na yule bwana hakulala Mayfair usiku huo. Watu wale walikuwa nani? Mama hakuwauliza, nami sikumwuliza zaidi. Alisema tu, "Kila mtu hapa ametoka mahali. Wengine wametoka usiku."

Niliifuta picha palepale mbele yake. Mikono ilikuwa inatetemeka. Rafiki yangu naye akaifuta kwake. Lakini ilikuwa imeshapita kwenye makundi ya WhatsApp, na huko hakuna wa kumwomba.

Baadaye nilikaa nikafikiri jinsi nilivyokuwa mjinga. Miaka yote niliyoishi hapa, nilikuwa najua habari hizi. Mei 2008 nilikuwepo wakati vurugu dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra na kusambaa, watu 62 wakauawa, maelfu wakalala kwenye mahema na vituo vya polisi. Nakumbuka tulivyoambiana tusiongee Kiswahili kwenye mabasi. Nilijua kwamba mwaka 2011 ofisi ya wakimbizi ya Crown Mines ilifungwa, na kwamba baada ya hapo watu wa Johannesburg walikuwa wanaamka alfajiri kwenda Pretoria kuomba karatasi yao iongezwe muda. Agosti 2019 kulikuwa na msako mkubwa wa polisi katikati ya jiji, mamia wakakamatwa, na mwezi uliofuata maduka ya wageni yakachomwa. Operation Dudula imezaliwa Soweto mwaka 2021, na kazi yake ni kuwatafuta wageni. Yote haya nilikuwa nayajua, ningeweza kuyaandikia insha. Na bado niliingia katika chumba chenye watu kama hao, nikainua kamera, nikaandika na anwani.

Nilimweleza mkasa huu rafiki yangu mmoja wa Nairobi, anasomea uandishi wa habari. Yeye hakukubaliana nami hata kidogo, na kwa sababu ni mtu makini nitaeleza hoja zake kama alivyozisema. Kwanza, alisema, hoteli ni mahali pa watu, anayetaka kujificha ale nyumbani. Pili, picha za wateja ndizo tangazo pekee la wafanyabiashara wadogo kama yule mama, ambao hawana fedha ya kulipia redio. Tatu, na hii ilinigusa, alinikumbusha Emmanuel Sithole, mchuuzi wa Msumbiji aliyeshambuliwa Alexandra mwezi Aprili 2015 akafariki. Mpiga picha James Oatway alikuwepo, picha zake zikatoka katika Sunday Times, na zikasaidia waliofanya unyama ule kukamatwa. "Bila kamera," akasema, "angekuwa maiti isiyo na habari."

Ni kweli. Sina ugomvi na kamera ile. Lakini nilimkumbusha nami jambo moja. Baada ya kifo chake ilielezwa kwamba Sithole halikuwa jina lake la ukoo, alilitumia ili asionekane na wenye mamlaka. Hayo ndiyo maisha ya watu hapa, hata jina unalifunika. Oatway alikuwa anashuhudia mtu anauawa. Mimi nilikuwa nashuhudia mchele.

Kuhusu hoja ya mahali pa watu, hapo nadhani anakosea. Hoteli ni mali ya mtu, na mwenyewe anaweza kuweka masharti akitaka. Hili wala si jambo la Mayfair peke yake. Kule New York, David Chang alikataza picha katika mgahawa wake wa Momofuku Ko miaka mingi iliyopita. Ufaransa, mpishi Alexandre Gauthier wa La Grenouillère aliweka kwenye orodha ya vyakula alama ya kamera iliyokatwa mstari. Wao shida yao ni taa za kamera zinazowasumbua wageni wengine na chakula kinachopoa, malalamiko ya watu wanaokula kwa raha. Ukiwasikiliza unaweza kuwaona wanadeka. Lakini kama mpishi wa Ufaransa anaheshimiwa anaposema "hapa hapana", kwa nini mama wa Mtaa wa Nane lazima kwanza atueleze sababu?

Na sheria? Nimeuliza watu wa sheria chuoni. Afrika Kusini ina Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, maarufu kama POPIA, ambayo ilianza kusimamiwa kikamilifu tarehe 1 Julai 2021. Haigusi shughuli za mtu binafsi na nyumba yake, kwa hiyo wewe na albamu yako mko salama. Ila ukiwa biashara, au chama, mambo ni mengine. Kenya wameshaonja: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mtu alikwenda kustarehe, akajikuta amekuwa tangazo. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022, Uganda ya mwaka 2019. Lakini mimi sikuvunja sheria yoyote ninayoifahamu, na hilo ndilo linalonikera. Kama ningekuwa nimevunja ningelipa faini nikaendelea na maisha.

Mtanikumbusha Forodhani, Zanzibar. Pale kila usiku watalii wanapiga picha meza za samaki, kaa, mishkaki, urojo, mpaka mtu wa miwa na mashine yake. Nimekaa pale mara nyingi, kabla ya ukarabati na baada ya bustani kufunguliwa tena mwaka 2009, na nimeona wachuuzi wenyewe walivyojitengenezea utaratibu. Wapo wanaopanga chakula kwa ajili ya picha hasa, kofia nyeupe ya mpishi imekaa sawa. Na wapo wanaogeuza uso wakiona kamera, au wanasema wazi, nunua kwanza. Ukinunua anakuonyesha mpaka anavyokunja chapati ya mayai ile wanayoiita pizza. Mtu aliyenunua ni mgeni, aliyepiga bila kununua ni mpita njia. Sioni ubaya wa utaratibu huo hata kidogo. Ni ule ule wa karibu na starehe, umevaa nguo mpya.

Sasa narudi kwetu. Jumuiya yetu ina ukurasa wake, ina mpiga picha wake, na kila tarehe 25 Mei, Siku ya Afrika, tunakwenda kula pamoja mahali. Mwaka huu tulikwenda Yeoville kwa Wakongo, tukala fufu, sombe na samaki wa makayabu. Nilitazama picha zilizowekwa siku iliyofuata. Arobaini na moja! Katika kumi na tatu kati ya hizo kuna watu wa meza nyingine ambao hawakutujua wala hawakutualika. Mhudumu mmoja, dada, anaonekana katika picha nne, na katika zote nne amejikinga uso kwa trei. Mpiga picha wetu ni kijana mwema kabisa, hakuona. Nami labda nisingeona kama si yule bwana wa koti la kahawia.

Nilipendekeza kwenye kikao tuzitoe zile kumi na tatu, na zimetolewa, namshukuru katibu. Nikapendekeza pia tukienda kula mtu mmoja tu apige, mara moja, kabla wazee hawajanawa, na amwulize mwenye hoteli kwanza. Picha iwekwe tukishafika nyumbani, bila jina la mtaa. Mmoja akasema nimezeeka. Inawezekana. Mwingine akauliza swali zuri zaidi: je, tukiwa na hofu hii yote, hatutajificha mpaka tusionekane kabisa katika jiji hili, kana kwamba hatupo? Maana wapo wanaotaka hasa tusionekane. Swali hili sijalimaliza. Nadhani kuna tofauti kati ya mimi kuamua kuonekana, niliye na kibali cha kusoma na barua ya chuo mfukoni, na mimi kumwamulia mtu mwingine aonekane. Lakini nakiri mstari wenyewe unapita mahali pembamba, na wenye mawazo tofauti waandike toleo lijalo, nitawasoma.

Yule bwana sijamwona tena. Nilimwuliza kinyozi, akatikisa kichwa, akaendelea kunyoa. Kuna anayesema amekwenda Durban, kuna anayesema yuko Cape Town, na nimeacha kuuliza, maana niliona kila ninapouliza nakuwa kama wale wawili.

Kwa yule mama nilikaa miezi miwili sijakanyaga, kwa aibu. Jumamosi iliyopita nikajikaza nikaenda. Alinitazama, akaniletea wali bila kuniuliza, na ndizi yake. Nilipokuwa karibu kumaliza akatoka jikoni ana sahani ya sambusa, zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, na simu yake mwenyewe mkononi. Anataka picha ya kuweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, macho yake hayaoni karibu. Akafuta meza kwa kitambaa, akahamisha kikombe cha mtu, akaisogeza sahani mpaka nyuma yake ukabaki ukuta mtupu wa kijani. "Hapo," akasema, "piga hapo." Nikapiga mara tatu. Akazitazama moja moja, akafuta mbili, akaniambia nichukue sambusa moja kabla hazijapoa.